Anga Letu: Yale mawingu mawili ya kusini yasiyopeperuka

Mwezi huu barua nyingi zimeangukia mahali pamoja: galaksi ndogo. Nimefurahi kwelikweli, maana miaka yote niliyofundisha fizikia nimeona vitabu vyetu vikipambwa kwa picha ya Andromeda, ile galaksi kubwa jirani yetu, huku galaksi ndogo zikipewa mstari mmoja na kusahauliwa. Nimechagua barua nne. Ya Morogoro nimeijibu kwa kirefu kwa sababu ndiyo iliyoshika shina lenyewe.

SWALI: Assalaam alaykum Mwalimu. Mimi ni mvuvi wa dagaa. Kazi yetu ni usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo. Msimu wa kaskazi huwa naona upande wa kusini vipande viwili vya wingu jeupe, kimoja kikubwa, kingine kidogo. Mawingu mengine upepo unayapeleka, hivi havipelekwi. Kesho yake navikuta. Wazee wanavijua ila kila mmoja ana maelezo yake. Ni nini hasa?
Mvuvi, Kilwa Kivinje

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Wazee wako wana macho mazuri, na wewe pia. Upepo hauwezi kuvipeleka kwa sababu si mawingu. Kila kimoja ni galaksi, yaani mkusanyiko wa mamilioni kwa mamilioni ya nyota pamoja na gesi na vumbi, nje kabisa ya galaksi yetu ya Njia Nyeupe. Vinachomoza na kuzama pamoja na nyota nyingine, ndiyo maana ukitazama saa ileile usiku wa pili unavikuta karibu palepale.

Vitabuni vinaitwa Mawingu ya Magellan, kwa jina la yule baharia Mreno aliyeanza safari yake mwaka 1519, ingawa watu wa kusini mwa dunia walikuwa wakiyaona zama nyingi kabla yake. Wingu Kubwa liko umbali wa miaka ya nuru kama 160,000, na Wingu Dogo kama 200,000; mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja. Nuru inayokuingia machoni ukiwa umetega wavu iliondoka huko kabla binadamu yeyote hajalima shamba.

Ili usibahatishe, toka nje mwanzoni mwa Februari, saa tatu usiku, ukiwa huna mbalamwezi. Elekea kusini. Utaona nyota kali sana, nyeupe, juu kidogo na kushoto: hiyo ni Canopus, ambayo Waarabu huiita Suhail, ya pili kwa mwangaza baada ya Sirius. Nyosha mkono, kunja ngumi, kisha teremka ngumi mbili hivi kutoka kwenye nyota hiyo, ukielekea chini na kulia kidogo. Wingu Kubwa liko hapo, pana mara kadhaa kuliko Mwezi mpevu. Wingu Dogo wakati huo limeshashuka upande wa kulia karibu na upeo. Ukiyataka yote mawili yakiwa juu vizuri, Desemba ni bora zaidi.

Sasa, kama kuna mtu hapo Kivinje mwenye darubini ya macho mawili, hata ile ndogo ya watalii, mwazime. Egemea kitu kisichotikisika, usiwe chomboni. Ndani ya Wingu Kubwa utaona ufito wa nuru, na kwenye ncha yake ya kushoto, juu kidogo, doa lenye ukungu mzito kuliko mahali pengine. Litazame kwa utulivu. Mfaransa Nicolas-Louis de Lacaille aliliandika mwaka 1751 akiwa Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini, akaona kwamba halifanani na nyota. Leo tunaliita Nebula ya Tarantula. Ni gesi iliyotanda kwa upana wa miaka ya nuru kama 1,000, na katikati yake kuna kundi la nyota liitwalo R136 lenye umri wa miaka milioni moja au mbili tu. Kwa nyota, huo ni uchanga. Mojawapo ya nyota za humo, R136a1, inakadiriwa kuwa na uzito wa Jua mara 200 hivi, na ni miongoni mwa nyota nzito kuliko zote tunazozijua. Kama Tarantula ingekuwa karibu nasi kama ilivyo nebula ya kundi la Jabari, nuru yake ingetosha kutupatia vivuli usiku.

Kwa hiyo unapoliona doa lile, unatazama mahali nyota zinapozaliwa, kwenye galaksi ndogo, kutoka Kilwa. Hakuna eneo lingine la uzazi wa nyota kubwa kiasi hicho katika ujirani wetu wote wa galaksi, na liko kwenye ndogo, si kwenye yetu.

Tahadhari moja. Kando ya Wingu Dogo, Desemba hiyo, utaona upande wa kulia kitu kama nyota yenye ukungu. Usikihesabu kuwa sehemu ya Wingu. Kinaitwa 47 Tucanae, ni kundi la nyota kongwe la galaksi yetu wenyewe, na kiko karibu nasi zaidi ya mara kumi kuliko Wingu hilo.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha sita. Toleo lililopita uliandika kwamba baadhi ya galaksi ndogo zinazaa nyota kwa kasi. Lakini mwalimu wetu anasema galaksi ndogo ni mabaki tu, zimeshakufa, hazizai tena. Nani yuko sahihi? Na kama nyingine zinazaa na nyingine zimeacha, nini kinachoamua?
Mwanafunzi, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwalimu wako yuko sahihi kwa galaksi fulani, nami niko sahihi kwa nyingine, na swali lako la pili ndilo lenye uzito. Kinachoamua ni gesi: kama galaksi inayo, kama inaweza kuipoza, na kama inaweza kuishikilia.

Anza na kupoza. Nyota huzaliwa ndani ya wingu la gesi baridi kupindukia, karibu nyuzi 260 chini ya sifuri. Gesi ikiwa na joto, msukumo wake unashinda mvutano, haiporomoki. Ikipoa, mvutano unashinda, wingu linajikunja, kiini chake kinabanwa mpaka haidrojeni inaanza kuungana kuwa heli, na hapo nyota imezaliwa. Ili gesi ipoe hivyo lazima itoe joto lake nje kama nuru, na wanaoifanya kazi hiyo vizuri ni atomu na molekuli zenye kaboni na oksijeni. Vumbi nalo linasaidia kwa namna mbili: linazuia miali ya urujuanimno isipenye ndani ya wingu, na juu ya punje zake atomu mbili za haidrojeni hukutana zikashikana kuwa molekuli.

Hapo ndipo umaskini wa galaksi ndogo unapoonekana. Kaboni, oksijeni na vumbi vinatengenezwa na nyota zilizotangulia, na galaksi iliyopata nyota chache ina vichache. Iko moja iitwayo I Zwicky 18, kwa jina la Fritz Zwicky, miaka ya nuru kama milioni 59 kutoka hapa. Oksijeni iliyomo kwenye gesi yake, ukilinganisha na ya Jua, ni sehemu moja kati ya arobaini hivi. Hata hivyo inazaa nyota za buluu, nzito, kwa bidii! Nyingine, iitwayo WLM, iko karibu zaidi, miaka ya nuru kama milioni 3. Kwa muda mrefu watu waliitafuta ndani yake molekuli ya kaboni monoksidi, ile tunayoitumia kutambua mawingu yanayozaa, wasiipate. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba darubini ya APEX kule jangwani Chile imeipata, na mwaka 2015 darubini za ALMA, hukohuko Chile, zikaonyesha kwamba imejificha katika viini vidogo vilivyozungukwa na gesi nyingi. Mimi naliona jambo hili kuwa zito kuliko rekodi zote za nyota kubwa. Linatuonyesha kwamba nyota zinaweza kuzaliwa katika gesi iliyo karibu safi, na ndivyo nyota za kwanza kabisa za ulimwengu zilivyolazimika kuzaliwa.

Sasa kushikilia. Nyota nzito haziishi sana. Miaka milioni chache, au makumi machache ya milioni, kisha zinalipuka kuwa supanova. Tarehe 23 Februari 1987 nuru ya mlipuko wa namna hiyo ilitufikia kutoka Wingu Kubwa la Magellan, si mbali na ile Tarantula niliyomweleza ndugu wa Kilwa. Saa chache kabla haijaonekana, chembe za neutrino zilikuwa zimeshanaswa kwenye tangi la maji chini ya ardhi huko Kamioka, Japani. Ilionekana kwa macho matupu, supanova ya kwanza kuonekana vizuri hivyo tangu mwaka 1604. Mlipuko kama huo unaipasha gesi jirani joto la mamilioni ya nyuzi na kuisukuma kila upande.

Chemsha maziwa yaleyale kwenye sufuria refu na kwenye kikopo kifupi. Katika sufuria, povu linapanda, linagonga ukuta, linarudi chini. Katika kikopo linafurika, linamwagikia mkaa, na moto unazima. Ukitaka kutoroka mvutano wa Njia Nyeupe kutoka mtaa wetu wa Jua, unahitaji mwendo unaozidi kilomita 500 kwa sekunde. Kwenye galaksi ndogo sana, makumi machache ya kilomita kwa sekunde yanatosha. Kwa hiyo galaksi kubwa huzaa nyota polepole bila kukatika. Yetu hutengeneza nyota zenye jumla ya uzito wa Jua moja au mawili kila mwaka, mwaka baada ya mwaka. Ndogo huzaa kwa mafungu. Inazaa kwa pupa, nyota zake wenyewe zinaifukuza gesi, inanyamaza. Gesi ambayo haikupotea kabisa inapoa, inarudi, inazaa tena. Tazama picha za NGC 1569, umbali wa miaka ya nuru kama milioni 11: katikati yake kuna makundi ya nyota changa yaliyosongamana, na nje yake nyuzi za gesi nyekundu zimetapakaa kama zilizorushwa. Huko ndiko kufurika kwenyewe.

Basi zipi zimekufa? Nyingi zilizimwa na mojawapo ya mambo mawili, na nakuomba uyatofautishe kwa sababu hata vitabu huyachanganya.

La kwanza ni la kale. Katika miaka bilioni ya kwanza ya ulimwengu, nyota na galaksi za mwanzo zilimwaga miali ya urujuanimno iliyopasua atomu za haidrojeni kila mahali, gesi ikapata joto la nyuzi kama 10,000. Galaksi yenye mvutano hafifu haiwezi kuvuta gesi yenye joto hilo. Zilizokuwa ndogo mno zikakatiwa chakula. Ndizo zile hafifu kabisa zinazotuzunguka leo. Darubini ya angani ya Hubble imezipima kadhaa na kukuta karibu nyota zake zote zina umri wa miaka zaidi ya bilioni 12. Hizo ni mabaki kweli, mwalimu wako hakukosea.

La pili ni jirani mkubwa. Njia Nyeupe imezungukwa na gesi nyembamba ya moto. Galaksi ndogo ikipita humo, gesi yake inapeperushwa kama vumbi nyuma ya lori. Draco na Sculptor ni za aina hii: hazina gesi, nyota zake ni kongwe. Ukienda mbali na Njia Nyeupe na Andromeda unakuta galaksi ndogo zenye gesi tele na nyota changa. Mawingu ya Magellan yako karibu na bado yanazaa, kwa sababu ni mazito kuliko wenzake na yanaelekea yamefika kwetu hivi karibuni. Lakini na yenyewe yameanza kupoteza. Nyuma yake kuna mkondo mrefu wa haidrojeni unaokatiza sehemu kubwa ya anga, hauonekani kwa macho, ila darubini za redio zinauona.

Nimalizie na moja ninayoipenda kuliko zote. Inaitwa Leo P, miaka ya nuru kama milioni 5 kutoka hapa. Hakuna aliyeiona kwanza kwa nuru. Ilitambuliwa kwa mawimbi ya redio ya haidrojeni yake, na sinia kubwa la Arecibo kule Puerto Rico, na habari zake zikatangazwa mwaka 2013. Ni ndogo mno, uzito wa nyota zake zote haufiki Jua milioni moja, na gesi yake ina uzito unaozidi wa nyota. Ina eneo moja tu la gesi inayong'aa, linalowashwa na nyota nzito moja. Kwa hesabu niliyokueleza, galaksi ya udogo huo ilipaswa kuzimwa zamani na ile miali ya mwanzo. Darubini ya James Webb ilipohesabu nyota zake moja moja, matokeo yaliyotolewa mwaka 2024 yalionyesha kwamba kweli ilizaa mapema, kisha ikanyamaza kwa miaka mabilioni kadhaa, kisha ikaanza tena, na inaendelea hadi leo. Iko peke yake, hakuna jirani mkubwa wa kuipokonya. Ilipoachwa, ikakusanya gesi upya.

Mpelekee mwalimu wako jibu hili kwa heshima, mlijadili darasani. Muulize: Leo P ingekuwa ilipo Draco, ingeanza tena?

SWALI: Mwalimu, mimi mzaliwa wa Pemba, nakaa Muscat. Utotoni nilikuwa nikiyaona hayo mawingu mawili, hapa sijayaona hata siku moja. Ni taa za mji?
Msomaji, Muscat

JIBU: Taa ni adui, lakini kwako kosa si lao. Ni umbo la Dunia. Wingu Kubwa liko karibu nyuzi 69 kusini ya ikweta ya anga, kwa hiyo mtu aliye kaskazini kupita nyuzi 21 halioni katikati yake likichomoza hata akiwa jangwani. Muscat iko kwenye nyuzi 23 na nusu hivi. Ukienda Salalah, nyuzi 17, hali inabadilika: usiku wa Januari, ukiwa ufukweni unaotazama kusini, Wingu Kubwa linapanda nyuzi kama 4, yaani vidole viwili au vitatu vya mkono ulionyooshwa. Unahitaji usiku mkavu usio na utusitusi baharini, kwa hiyo usingoje khareef, yale majira ya ukungu na manyunyu. Wingu Dogo Salalah hulipati. Hilo lisubiri ukija nyumbani, na ukija Desemba yote mawili yatakuwa juu ya bahari.

SWALI: Mwalimu, binti yangu amemaliza shule na anang'ang'ania kusomea nyota. Baba yake anasema hiyo ni kazi ya Wazungu wenye darubini zao. Nimwambie nini?
Mama, Mombasa

JIBU: Mama, mwambie mzee kwa upole kwamba anga la kusini halikuwahi kusomwa vizuri bila bara hili. Nimemtaja Lacaille kule Rasi. John Herschel naye alikaa hapohapo kuanzia 1834 hadi 1838 akiorodhesha kwa mkono vitu vilivyomo ndani ya Mawingu ya Magellan. Galaksi ya Sculptor, moja ya zile zilizozimika, Harlow Shapley aliitangaza mwaka 1938 kutokana na picha zilizopigwa Bloemfontein, Afrika Kusini. Ni kweli wote hao walikuwa wageni, na mzee ana haki ya kukumbuka hilo. Lakini hali si ileile tena. Afrika Kusini imejenga darubini ya redio ya MeerKAT kule Karoo, antena 64, kila moja na upana wa mita 13 na nusu, zikazinduliwa Julai 2018. Kazi mojawapo zinayoifanya vizuri kuliko karibu darubini yoyote duniani ni kunasa haidrojeni hafifu inayozunguka galaksi, zikiwemo zile ndogo. Ndiyo gesi ileile niliyomweleza mwanafunzi wa Morogoro, na bila kuipima huwezi kujua galaksi ipi itazaa tena na ipi imekwisha.

Antena hizo zitaingizwa ndani ya mradi mkubwa zaidi, SKA, utakaokuwa na antena 197 upande wa Afrika, na Kenya ni mojawapo ya nchi nane washirika pamoja na Afrika Kusini. Chuo Kikuu cha Nairobi kina shahada ya astronomia na astrofizikia. Kwa hiyo njia ipo, na haianzi kwa kununua darubini.

Ila nisimdanganye binti. Siku hizi mtu wa falaki hakai usiku kucha akichungulia. Anakaa mbele ya kompyuta na namba nyingi. Hisabati iwe imara, fizikia iwe imara, na ajifunze kuandika programu kwa Python, lugha ambayo fani hii inaitumia kila siku. Picha ambazo Hubble na Webb zimezipiga zimewekwa wazi kwa yeyote, bure, muda wa siri wa watafiti wenyewe ukiisha. Ajaribu kupakua zile za NGC 1569 na kutenganisha nyota changa za buluu na kongwe nyekundu. Akikwama aniandikie kupitia kwa mhariri, nitamjibu.